Kamba ya Katani

Nilikuwa nimekaa safu ya mwisho ukumbini, karibu na mlango. Mbele yetu, kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani, kulikuwa na ramani ya Tanzania. Mikoa michache ilipakwa rangi nyekundu, na mmojawapo, ule wa juu unaoegemea ziwa na mpaka wa Kenya, mtoa mada alikuwa ameuzungushia duara. Aligusa duara lile kwa fimbo yake na kusema kwamba hapa ndipo penye tatizo sugu. Watu wakaguna. Hapo alipopagusa ni nyumbani kwetu.

Ulikuwa mwaka 2010. Chuo nilichosoma kilikuwa na desturi ya kutenga siku moja kila mwaka kwa shughuli zisizo za darasani, na sisi wa mwaka wa kwanza tuliisubiri kwa hamu kwa sababu siku hiyo hapakuwa na mahudhurio wala majaribio. Asubuhi kulikuwa na hema la kuchangia damu, na aliyechangia alipewa soda na biskuti. Kando yake vijana wa uhandisi walionyesha mashine ya kukamua alizeti waliyoiunda kwa injini ya pikipiki, nayo ilizungukwa na watu tangu saa mbili. Saa nne kulikuwa na mdahalo, saa saba wali na maharage, kisha mada ile ya ramani, kuhusu ukeketaji na mila nyingine zenye madhara, kisha mpira kati ya vitivo viwili, na usiku ngoma. Niliipenda siku ile, na naomba nisieleweke kwamba nailaumu. Kwa kijana aliyetoka kijijini wilaya ya Serengeti, kuona damu, alizeti, hoja na mpira vikikutana kwenye uwanja mmoja kulinifunulia maana ya neno chuo kuliko mihadhara ya muhula mzima.

Nilikuwa nimefika huko kwa basi la Mugumu kwenda Arusha, lile linaloingia hifadhini kwa Lango la Ikoma, likapita Seronera na Naabi, likapanda Ngorongoro. Nilizaliwa na kukulia kando ya mpaka wa hifadhi, lakini simba wa kwanza maishani mwangu nilimwona kupitia dirisha la basi, nikiwa na begi la chuo mapajani. Amelala kivulini, hana habari nasi. Abiria wenzangu wengi, watu wa Mugumu na Tarime, walisimama kumtazama kama wageni. Nilikuja kulikumbuka basi lile siku ya ramani. Kuna namna ya kukaa jirani na kitu miaka yote, kisha ukaonyeshwa kitu hicho na watu wengine, kutoka mbali, ukiwa umekaa kitini.

Mdahalo wa saa nne ulihusu madini: je, migodi mikubwa inawanufaisha wananchi wanaoizunguka? Mwaka uliotangulia magazeti yalikuwa yamejaa madai ya uchafuzi wa Mto Tighite, ule unaotoka upande wa mgodi wa Nyamongo na kumwaga maji yake Mto Mara, kwa hiyo wazungumzaji wa pande zote mbili waliitaja Tarime kila dakika. Walisema vizuri. Walikuwa na takwimu, walikuwa na ufasaha, na msichana mmoja wa sheria alizungumza kwa moto hata ukumbi ukasimama. Wajomba zangu wanaishi upande ule wa Tarime. Nimewahi kuvuka Mto Mara kwenda kwao nikiwa mdogo, nikachunga ng'ombe wao, nikalala kwenye nyumba zao. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mchango kutoka kwa wasikilizaji, mkono wangu ulibaki mapajani. Niliona kwamba sina takwimu. Ninachokijua mimi ni njia ya ng'ombe kushuka mtoni, na sikuona kwamba njia ya ng'ombe ni hoja.

Usiku ndiyo ikaja ngoma. Mshereheshaji alitangaza kwa sauti kubwa ngoma ya kivita ya Wakurya, na kikundi cha chuo kikaingia na ngao za maboksi. Nyuma yao alikaa kijana mmoja na litungu, ambalo sisi tunaliita iritungu, kinanda kile kikubwa cha nyuzi nane ambacho sauti yake nzito husikika kifuani kabla ya kusikika masikioni. Litungu lilikuwa halisi. Lakini alilipiga kama gitaa, juu juu, na wachezaji walirukaruka wakikunja nyuso kwa hasira. Iritungu niliyoijua mimi ilipigwa na mzee aliyekaa kwenye kigoda, kwenye harusi na kwenye mavuno, akisimulia ukoo wa watu waliokuwa mbele yake, kwa majina, na aliyetajwa alisimama. Hapakuwa na hasira humo. Ukumbi ulishangilia sana. Mwenzangu wa bweni alinipiga bega akaniambia, "Kaka, nyie watu ni hatari!" Nikacheka naye.

Likizo ya Desemba nilirudi nyumbani. Bibi alikuwa akipepeta ulezi uani, akaniuliza, "Mjukuu wangu, huko chuoni mnafanya nini kutwa nzima?" Nikamsimulia siku ile tangu hema la damu hadi ngoma. Alisikiliza yote bila kunikatiza, akipepeta.

"Na mtu wa kwetu alisema nini?"

"Hakusema, bibi."

"Hakuwepo?"

"Alikuwepo."

Aliweka ungo chini. Hakunikemea. Aliniambia tu kwamba kwenye ritongo, baraza la Wakurya la hadharani, shauri la mji wa mtu haliamuliwi kabla mtu wa mji huo hajasema neno. Ritongo lina kasoro zake, na wanawake kama yeye ndio wanaozijua zaidi, kwani wamekaa pembeni ya mabaraza hayo miaka mingi wakisikiliza wanaume wakiwasemea. Labda ndiyo maana swali lile lilimtoka haraka.

Baadaye, nilipoanza kusoma historia ya vyuo vyetu, nilikuta kwamba swali la bibi ni kongwe kuliko mimi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria ambao hawakufika 20. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Siku mashuhuri kuliko zote za wanafunzi wa Mlimani ni tarehe 22 Oktoba 1966, walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa wasomi, wengine wakiwa wamebeba mabango ya kudai kwamba heri enzi za mkoloni. Aliyewapokea Ikulu alikuwa mtu wa mkoa wetu wa Mara. Mwalimu Nyerere, aliyeondoka Butiama mwaka 1934 kwenda kuanza shule Mwisenge mjini Musoma, kisha Tabora, Makerere na Edinburgh, alikasirika kiasi cha kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 papo hapo na kuwarudisha wanafunzi wale nyumbani kwao. Walikuwa karibu 400. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Watu hubishana mpaka leo kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Mimi naona ilikuwa kali mno kwa vijana waliokuja na hoja, hata kama hoja ilikuwa mbaya. Lakini hutulia kwenye adhabu yenyewe: rudini kwenu. Kwa mtu aliyetoka Butiama, kijiji kilikuwa mahali ambapo msomi hupimwa, na nadhani alitaka vijana wale wakasimame mbele ya watu waliowalipia, watazamwe machoni.

Miaka iliyofuata Mlimani ikapata siku nyingine, tamu zaidi. Mwanahistoria Walter Rodney alikuwa akifundisha hapo. Kulikuwa na madarasa ya itikadi siku za Jumapili, wakati wengine wakiwa kanisani au wamelala. Mwaka 1969 wanafunzi walianzisha jarida wakaliita Cheche, na lilipopigwa marufuku mwaka 1970 lilikuwa limekwisha kuchapisha maandishi ya Issa Shivji ambayo yanasomwa mpaka sasa. Ninawaonea wivu wanafunzi wale. Walijadili wakulima na wafanyakazi kwa bidii ambayo sikuikuta katika wakati wangu. Ila mjadala ulikuwa kwa Kiingereza, na mkulima mwenyewe alikuwa chini ya mlima.

Siku ya kwanza ya chuo kikuu maishani mwangu, hata hivyo, haikuwa ile ya 2010. Ilinikuta kijijini nikiwa darasa la pili, na sikujua kwamba ni ya chuo kikuu.

Ilikuwa mwaka 1997. Mwalimu mkuu alitutangazia mstarini kwamba kesho yake kila mwenye mbwa nyumbani aje naye shuleni. Tulidhani anatania. Kesho yake kulikuwa na gari chini ya mkuyu ulio kando ya uwanja, meza, sanduku la barafu, bwana mifugo wa wilaya aliyevaa buti, na watafiti wawili watatu wenye madaftari. Mbele yao kulikuwa na foleni ambayo sijaiona tena. Karibu wote waliopanga foleni walikuwa watoto, kwa sababu mbwa wa kijijini hamtii baba wa mji, humtii mtoto anayechunga naye. Tuliwafunga kwa kila kilichopatikana, magome ya mti, nyaya za baiskeli, vipande vya kanga. Mimi nilikuwa na kamba ya katani. Mbwa wetu aliitwa Simba, kama mbwa wengi wa kijiji kile, na kila bwana mifugo alipoita "mwenye Simba!" tulisogea watoto wanne.

Mbwa walibweka, walipigana, wengine walikata kamba wakakimbilia porini na mabwana zao wadogo wakiwafuata wakilia. Wazee walikuja kutazama, wakakaa kwenye mizizi ya mkuyu na kutafsiri maswali kwa Kikurya na Kingoreme kwa wale ambao Kiswahili kiliwapiga chenga. Mama mmoja alianza kuuza maandazi. Na mtafiti mmoja aliinama hadi usawa wa uso wangu akaniuliza: mbwa huyu ana umri gani? Nyumbani kuna mbwa wangapi? Kuna mtu aliyewahi kuumwa? Nilijibu. Akaandika. Nilikuwa na miaka minane na sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima mwenye kalamu akiandika jambo kwa sababu mimi nimelisema.

Swali la tatu nililijibu kwa sauti ndogo. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mwenzetu wa darasa. Aliumwa shavu la mguu na mbwa mpita njia, kidonda kikapona, tukasahau. Wiki kadhaa baadaye akaanza kuogopa maji. Aliletewa kikombe na mwili wake wote ukatetemeka. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na sisi watoto tulilijua hilo kabla ya kujua jedwali la kuzidisha. Kwa hiyo foleni ile, pamoja na vurugu zake, ilikuwa na heshima ya msiba ndani yake. Hakuna mtoto aliyeacha kamba kwa hiari.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, nikitafuta kitu kingine kabisa maktabani, nilikutana na makala ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 2003. Ilihusu kampeni ya kuchanja mbwa katika vijiji vya wilaya ya Serengeti kati ya 1996 na 2001. Nilisoma nikiwa nimesimama. Makala ilisema kwamba matukio ya kichaa cha mbwa wilayani yalipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya kampeni ya pili. Watu walioumwa na mbwa wenye kichaa walipungua pia. Nilielewa pia kwa nini macho ya watafiti yalikuwa yameelekea mbwa wetu miaka ile: mwaka 1994 ugonjwa mwingine, wa virusi vya distempa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, kiasi cha 1,000, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi walikuwa wa kwanza kushukiwa. Mbwa aliyeitwa Simba na simba wa hifadhini walikuwa wamefungwa kwenye kamba moja, na mimi ndiye niliyekuwa nimeishika.

Nilikaa chini kati ya rafu nikalia kidogo. Mbwa wetu alikuwa ndani ya tarakimu zile. Jibu langu lilikuwa ndani yake. Na mwenzetu tuliyemzika alikuwa ndani yake, mahali fulani, bila jina.

Likizo iliyofuata nilimsomea bibi makala ile, nikitafsiri sentensi moja moja. Aliniomba nirudie asilimia 97. Nikamwambia: katika kila mbwa mia ambao wangeshikwa na kichaa, walibaki watatu. Akanyamaza, kisha akasema ingefaa mama wa mtoto yule aambiwe. Tulikwenda wote wawili jioni ile. Nilimweleza yule mama kwamba baada ya mwanawe kufa, ugonjwa ule ulirudishwa nyuma, na kwamba watoto waliokuwa darasa moja naye ndio waliowapeleka mbwa. Alinishika mkono muda mrefu. Miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita, na hilo ndilo jambo ambalo sijaweza kuliweka chini. Siku ile chini ya mkuyu ilikuwa nzuri kuliko siku zote za chuo nilizohudhuria, lakini ilikuwa nusu ya siku. Nusu ya pili, ile ya kurudi na kusema tumekuta hiki, ilichelewa mpaka ikabebwa na mjukuu wa mtu kwa bahati tu ya kutafuta kitabu kingine.

Nimeona nusu hiyo ya pili ikifanyika mahali pamoja, na hapakuwa chuo kikuu. Miongoni mwa Wakurya msimu wa tohara huja zaidi katika miaka inayogawanyika kwa mbili, Novemba na Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na wazee wa mila, inchama, ndio wanaoutangaza. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, lakini sheria iko mbali na msimu uko karibu. Desemba ile ile ya 2010 binti wa mjomba wangu alikimbilia Masanga, kituo cha masista wilayani Tarime kinachowapokea wasichana mpaka msimu upite. Nilikwenda siku ya kufunga. Wasichana waliimba, waliigiza, walicheza ngoma za kwao, na ngoma zile zilikuwa na furaha ambayo haikuwepo kwenye jukwaa letu la chuo. Binamu yangu alisimama akasema shairi lake mwenyewe mbele ya akina baba, akieleza alichokimbia na kwa nini bado anataka kuitwa mtoto wao. Hakuna ramani iliyotundikwa. Aliyekuwa ndani ya duara jekundu ndiye aliyekuwa na kipaza sauti. Mjomba alisimama mbali, karibu na uzio, akiegemea fimbo yake. Hakupiga makofi. Yalipokwisha alikuja akachukua sanduku la binti yake, akalibeba begani hadi kituo cha basi.

Mkoa wetu sasa una chuo kikuu chake cha umma. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kina makao yake Butiama, na ni miongoni mwa vyuo vilivyoingizwa katika mradi wa elimu ya juu wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Wanafunzi wake wana mashamba ya kusoma kila upande: kahawa na ndizi za milimani Tarime, mihogo na ulezi wa Serengeti, mahindi ambayo tembo huyaingia usiku wa kuamkia mavuno, na Mto Mara wenyewe, unaoanzia milima ya Mau nchini Kenya na kupita katikati yetu kabla ya kumwagika ziwani. Chuo hicho kitakuwa na siku zake za matukio, kama vyuo vyote. Kutakuwa na mahema, mdahalo, mpira na ngoma, na ni haki yao.

Naomba jambo moja kwa walimu na wanafunzi wa chuo hicho, na kwa watafiti wote wanaokuja kwetu na madaftari. Angalau siku moja kila mwaka, shukeni mlimani na mje mnadani. Mnada wa Mugumu au wa Tarime una watu wengi kuliko ukumbi wowote mtakaojenga, una wachungaji, wauza mitumba, wachimbaji wadogo, akina mama wa dagaa, vijana wa bodaboda, na wazee ambao bado wanajua kupiga iritungu. Leteni yale mliyoyakuta kwenye udongo wetu, maji yetu na mifugo yetu, yaliyoandikwa kwa Kiswahili, msomee watu, na mkimaliza mkae msikilize wenye mji. Mkimwona kijana nyuma amekaa kimya na mkono mapajani, mwiteni mbele mumuulize ng'ombe hushuka mtoni kwa njia ipi. Mimi nitakuja na makala ile ya mbwa, nimekwisha kuitafsiri yote kwa mkono. Ng'ombe huanza kuingia mnadani mapema asubuhi, na chini ya miti ya pembeni huwa kuna nafasi ya meza.